Bosi wa Mwisho wa Shirere

Mwaka 2007, nikiwa nimemaliza fomu foo na kukaa nyumbani nikingoja kujua maisha yataelekea wapi, nilipata kazi ya kusimamia chumba cha gemu Shirere, hapa mjini Kakamega. Usifikirie jumba la maana. Kilikuwa kibanda cha mabati kilichogawanywa kwa pazia. Mbele kuliuzwa maandazi na kadi za simu. Nyuma kulikuwa na televisheni tatu za inchi 14, PlayStation mbili za kijivu ambazo moja ilikubali kusoma diski ikiwa tu umeipindua juu chini, na nakala ya Kichina ya Famicom yenye kaseti iliyojigamba kuwa na gemu 9999. Tulizihesabu. Zilikuwa kumi na mbili, zinarudiwarudiwa kwa majina tofauti.

Bei zilikuwa za aina mbili. Mpira ulilipiwa kwa muda: ashu, dakika kumi, ushinde usishinde unainuka. Tekken 3 ililipiwa kobole, yaani shilingi tano, na kwa kobole hiyo ulipigana na kompyuta mpaka upigwe. Ukipigwa, unatoa kobole nyingine ama unampisha mwenzako. Mtoto mwenye vidole vizuri aliweza kukaa nusu saa kwa shilingi tano. Mwenye vidole vizito, dakika mbili.

Ukipiga hesabu kidogo utaona shetani alikojificha. Mpira uliingiza pesa ileile kila siku. Tekken iliingiza pesa kulingana na jinsi watoto walivyopigwa haraka. Hakuna aliyenituma. Asubuhi moja kabla wateja hawajafika niliingia kwenye menyu ya mipangilio, nikaona kila kitu kiko wazi: idadi ya raundi, muda wa pambano, kiwango cha ugumu. Ugumu ulikuwa wastani. Niliusukuma mpaka mwisho kabisa, nikatoka kwenye menyu, nikafungua mlango. Sikumwambia mtu.

Watoto walikuwa wakiniita "bosi". Haikuwa heshima, ni vile mimi ndiye niliyeshika swichi ya umeme.

Nimejaribu mara kadhaa kuandika historia ya maadui wa gemu, wale tunaowatukana na ambao bila wao hakuna mtu angewasha mashine. Kila mara mkono unanirudisha kwenye ile menyu. Basi wacha nianzie hapo hapo.

Nilipoanza kusoma historia yenyewe, miaka mingi baadaye, nilikuta kwamba sikuvumbua chochote. Kabla gemu hazijaingia sebuleni kwa watu, zilikaa kwenye mabaa, madukani na kwenye kumbi za burudani za Japani na Marekani, ndani ya kabati kubwa la mbao lenye tundu la kuingizia sarafu. Ukifungua kabati hilo kwa nyuma, kwenye ubao wa saketi unakuta vijiswichi vidogo, vya kusukumwa kwa ncha ya kalamu. Vile viliwekwa na kiwanda kwa ajili ya mwenye baa. Aliamua mwenyewe mteja apewe uhai mara ngapi kwa sarafu moja, na kwenye mashine nyingi aliamua pia maadui wawe wakali kiasi gani. Mchezaji hakuvijua. Yeye alidhani anapambana na mashine, kumbe kuna binadamu nyuma ya kaunta anayefuta glasi.

Kwa hiyo adui wa kwanza wa gemu alikuwa mtoza ushuru. Kazi yake ilikuwa kukutoa, ili mwingine aweke sarafu. Na hapo ndipo pana kitendawili: kama kazi yake ni kukunyang'anya pesa, mbona watu walipanga foleni kumkabili?

Chukua Space Invaders, iliyotoka 1978 chini ya kampuni ya Taito. Aliyeitengeneza, Tomohiro Nishikado, alipanga wavamizi 55 kwenye skrini, safu tano za kumi na mmoja, wakishuka polepole kuelekea kwako. Kompyuta ya wakati ule ilikuwa na nguvu ndogo mno. Kuwachora wavamizi wote 55 kuliichosha. Lakini kila ulipomuua mmoja, kazi ilipungua, na waliobaki wakaenda kasi zaidi. Nishikado hakuupangia mbio huo. Ulitokana na udhaifu wa mashine. Alipouona akauacha, kwa sababu gemu ilikuwa imenoga. Yaani kadiri unavyoshinda, ndivyo unavyozidi kutishwa. Yule mvamizi wa mwisho, peke yake, anakimbia kutoka ukuta hadi ukuta kama kuku aliyeponyoka siku ya Krismasi, na wewe jasho linakutoka kwa ajili ya kijidude cha nukta chache.

Hapo raha ya adui mgumu inaanza kuonekana. Ugumu wake umetoka mkononi mwako. Umempandisha wewe kwa kuwaua wenzake, na unajua hivyo.

Miaka miwili baadaye likaja jambo ambalo naliona kubwa zaidi. Toru Iwatani wa Namco alitoa Pac-Man, 1980, na maadui wake wakawa vivuli vinne vyenye tabia. Kwa Kijapani majina yao yalisema yote: Oikake, anayefukuza, Machibuse, anayevizia, Kimagure, kigeugeu, na Otoboke, anayejifanya hajui kitu. Majina haya hayakuwa urembo. Mwekundu analenga pale hasa ulipo. Wa waridi analenga miraba minne mbele ya uso wako, ndiyo maana unamkuta kona kabla hujafika. Wa buluu anapiga hesabu akitumia mahali ulipo wewe na mahali alipo yule mwekundu, kwa hiyo ukimsahau mwekundu, wa buluu anakuadhibu. Wa rangi ya chungwa anakufuata mpaka abakize kama miraba minane, halafu anageuka kukimbilia kona yake, kama mtu aliyekuja kudai deni halafu akaona aibu.

Tena wanapumzika. Kwenye hatua ya kwanza, mara chache baada ya sekunde 20 za kukufukuza, wanakuacha kwa sekunde chache na kurudi kwenye kona zao. Iwatani alieleza kwamba kuandamwa bila kupumua kungemchosha mchezaji. Unafika pale ambapo ungekata tamaa, wanakuacha. Unaanza kujiamini, wanarudi.

Mtu aliyeketi mbele ya Pac-Man mwezi mzima aliweza kujifunza maadui hawa kama unavyojifunza majirani. Kuna waliokariri njia nzima, geuka hapa, ngoja pale, wakazunguka kwenye ule mtego bila kuguswa. Kila ulipokamatwa, ulijua ni kwa nini. "Nilimsahau wa waridi." Sentensi hiyo ndiyo iliyowafanya watoe sarafu nyingine. Anayeona kwamba ameonewa hatoi. Anayetoa ni yule anayeona kwamba alikosea.

Sasa hebu tutoke Tokyo turudi nyumbani, kwa sababu somo hili nililipata kwanza kwa babu yangu, ingawa sikulielewa.

Babu, ambaye sisi tulimwita Kuka, alifuga fahali wa kupigana. Waisukha na Waidakho, watu wa Shinyalu na Ikolomani huko kusini mwa mji, wamepiganisha mafahali kwa vizazi. Zamani ilikuwa hasa kwenye matanga ya watu wazito. Siku hizi ni asubuhi za wikendi na sikukuu, Khayega, Malinya, au hata hapa mjini uwanja wa Bukhungu. Hakuna mtu mwenye upanga kama Uhispania. Ni fahali kwa fahali, pembe kwa pembe, mpaka mmoja ageuke na kukimbia, na hapo ndipo watu wanaangua mbio nyuma ya mshindi, matawi juu, ngoma za isukuti zikipigwa kama zitapasuka. (Isukuti hiyo ndiyo UNESCO iliyoiweka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka.)

Kitu ambacho mgeni haoni ni mazungumzo yaliyotangulia. Kuka alitumia jioni nyingi kwenye kigoda chake na wazee wenzake, wakijadili nani akutane na nani. Fahali wa fulani ana miaka mingapi, amepigana mara ngapi, pembe zake zimekaaje, anasukuma kwa bega au kwa shingo. Nilikuwa mdogo na niliona upuuzi. Si uwalete tu wapigane? Siku moja kijana mmoja mwenye haraka alikuja na fahali mkubwa sana akitaka kumkutanisha na dume changa la jirani. Kuka alikataa kuwa shahidi. Kijana akasisitiza, pambano likafanyika bila yeye, likaisha kabla watu hawajasogea vizuri. Dume changa liliguswa mara moja likaondoka zake. Hakuna aliyekimbia nyuma ya mshindi. Hata ngoma ziliishia njiani.

Kuka aliposimuliwa alicheka tu, akasema kwamba yule kijana ameshinda ila hana cha kusimulia.

Halafu kuna lingine. Fahali aliyemsumbua sana fahali wetu, wa upande wa Waidakho, Kuka alimwongelea kwa sauti ya mtu anayeongea kuhusu shemeji. Alijua anapenda kuanza upande wa kushoto. Alijua akipumua vipi yuko karibu kuchoka. Alipokufa kwa ugonjwa, babu yangu alikuwa na huzuni wiki nzima. Ng'ombe wa adui! Bibi alimuuliza kama atampelekea na maua. Hakujibu.

Nikirudi kwenye gemu, miaka ya 1980 mashine ziliingia nyumbani, na tundu la sarafu likatoweka. Sasa adui hakuwa na sababu ya kukutoa mapema. Umeshanunua kaseti. Hapo watengenezaji wakalazimika kujiuliza upya adui ni wa nini. Jibu lililojulikana zaidi ni lile la Super Mario Bros., 1985. Kiumbe wa kwanza unayekutana naye ni kauyoga kenye uso wa hasira, kanakotembea kuja kwako polepole. Hujaambiwa kitu. Ukisimama, kanakuua. Ukiruka, unamkanyaga, na ndani ya sekunde tano umejifunza gemu nzima. Kakaragosi haka kaliongezwa mwishoni mwa kazi, baada ya kuonekana kwamba maadui wengine ni wagumu mno kuwa wa kwanza. Mwalimu wa nasari, kwa kifupi.

Lakini kampuni hiyohiyo, mwaka mmoja tu baadaye, ilisahau. Mwendelezo uliotoka Japani 1986 ulikuwa na uyoga wenye sumu uliofanana na ule mzuri, upepo uliokusukuma shimoni, na milango ya siri ambayo badala ya kukupeleka mbele ilikurudisha nyuma. Ofisi ya Nintendo ya Marekani ilimpa mfanyakazi wake Howard Phillips aijaribu. Aliona haina raha, inachosha na kuadhibu, na Wamarekani hawakupewa gemu hiyo. Walichukua gemu nyingine kabisa ya Kijapani, Doki Doki Panic, wakabadilisha wahusika, wakaiuza 1988 kama Super Mario Bros. 2. Ile ngumu ilifika kwao 1993 tu, ndani ya mkusanyo. Namfikiria sana Phillips. Alikuwa mtu aliyeketi mbele ya skrini akakubali kusema: hapana, hapa mchezaji anaonewa. Shirere nafasi hiyo ilikuwa yangu.

Kuna na Kazuhisa Hashimoto wa Konami, ambaye alipokuwa akiihamisha Gradius kwenda mashine ya nyumbani, 1986, hakuweza kuimaliza gemu aliyoitengeneza mwenyewe. Akajiwekea njia ya mkato: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Baadaye mlolongo huo uliingia kwenye Contra na kukupa uhai mara 30. Hashimoto alifariki 2020, na watu waliomwombolezea wengi hawakuwahi kujua jina lake mpaka siku hiyo; walijua vidole vyake tu. Ile Famicom yetu ya Kichina ilikuwa na Contra. Sijui nani alileta ile siri Kakamega bila intaneti, lakini kila mtoto wa Shirere aliijua kama anavyojua wimbo wa taifa.

Tulipoufunga ule mlango wa kwanza wa hadithi, ugumu wa Tekken ulikuwa umepandishwa. Wacha niseme kilichotokea.

Wiki ya kwanza niliona raha. Kobole zilimiminika. Watoto waliokuwa wakifika pambano la saba au la nane walikuwa wakitolewa kwenye la tatu. Kwenye gemu hiyo wapinzani ni kumi. Wa tisa ni Ogre, na ukimtoa anageuka kuwa jitu lenye mabawa linalotema moto, True Ogre, bosi wa mwisho. Kabla ya hapo watoto wanne au watano mtaani walikuwa wamewahi kumwona. Majina yao yalitajwa kwa heshima. Baada ya ile asubuhi yangu, hakuna aliyemfikia tena, na kwa siku kadhaa hiyo yenyewe iliwavuta. Walisema mashine imekasirika.

Wiki ya pili kitu kilibadilika. Hawakuwa wakibishana tena. Kwa kawaida mtoto akipigwa, benchi zima linatoa mawaidha: ungechuchumaa, ungemngoja arushe teke kwanza, usibonyeze ovyo. Sasa walipigwa kimya. Wachezaji wa gemu za ngumi duniani kote wana lalamiko kwamba kompyuta ikiwekwa kwenye ukali wa juu inaonekana kama inasoma kidole chako kabla ngumi haijafika, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na la kushauriana. Mmoja mmoja wakahamia kwenye mpira, au wakacheza Tekken wao kwa wao, wawili wawili, anayeshinda anabaki. Kobole zilipungua kuliko hata mwanzo.

Alibaki mmoja. Mvulana wa kama miaka kumi, mwembamba, aliyependa kucheza na Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira ambaye unaweza kumtumia kwa kubonyeza tu mateke na bado ukaonekana unajua. Yeye alikuwa miongoni mwa wale waliowahi kumwona True Ogre, na hakuwahi kumtoa. Alikuja kila siku. Alikataa kuamini kwamba kuna kitu kimebadilika nje ya mikono yake. "Leo nimeshikwa na baridi vidole." "Jana sikulala vizuri." Nilikuwa nimeketi mita moja kutoka kwake, najua, na nikapokea kobole yake.

Ijumaa moja alicheza mara nne mfululizo. Shilingi ishirini. Jioni mama yake akafungua pazia, leso kiunoni, mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine umeshika pakiti ya unga.

"Kijana, huyu amekula chenji yangu hapa?"

Nilisema pole, Mama, sikujua ni chenji.

"Huo mchezo unachezwaje? Nioneshe."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Aliketi kwenye benchi, akamkalisha mtoto, akangoja. Nikachukua pedi, nikamchagua mpiganaji wangu wa siku zote, nikaanza. Nilipigwa kwenye pambano la kwanza, mbele ya watoto wote, sikushinda hata raundi moja. Sijui ilichukua sekunde ngapi.

Yule mama aliangalia skrini, akaniangalia mimi. "Kumbe hata wewe huwezi," akasema. Halafu, kwa upole kabisa: "Na wewe ukipigwa unalipa ngapi?"

Waliondoka. Usiku ule nilirudisha ugumu kwenye wastani. Wengine walirudi pole pole, kelele za benchi zikarudi, na mwezi uliofuata mmoja wao alimtoa True Ogre watu wakamiminika hadi barabarani wakipiga mluzi. Yule wa Eddy Gordo hakurudi.

Historia iliyobaki nitaipitia haraka, maana mingi mnaijua. Watengenezaji wa Halo, 2001, walieleza kwamba wachezaji wa majaribio waliwaona maadui kuwa na akili zaidi walipoongezewa tu uwezo wa kustahimili risasi. Akili ni ileile, ila sasa walikaa hai muda wa kutosha kuonekana wakifikiri. Resident Evil 4, 2005, ilikwenda njia nyingine: ukifa fa sana, gemu inapunguza ukali kichinichini, haikuambii. Ni huruma ya siri. Naipenda na inanikera kwa pamoja, kwa sababu ni menyu yangu ileile, imegeuzwa upande wa wema, na bado mchezaji hajui nani ameshika swichi.

Halafu akaja Hidetaka Miyazaki na Demon's Souls, 2009. Shuhei Yoshida, aliyekuwa mkubwa wa studio za Sony, alicheza takribani saa mbili akajikuta bado yuko mwanzoni, akaona haifai, na Sony hawakuitoa wenyewe nje ya Japani. Marekani ikatolewa na Atlus. Miaka 13 baadaye Elden Ring ya Miyazaki huyohuyo iliuza nakala zaidi ya milioni 20 ndani ya mwaka mmoja. Kuna vijana siku hizi wanaochukulia hiyo kama ushahidi kwamba ugumu ni utakatifu, na asiyeweza aende akacheze peremende. Sikubaliani nao. Angalia vizuri adui wa Miyazaki: anainua panga juu muda mrefu kabla ya kulishusha. Anakuonesha. Mara ya kumi na tano unaona kile ambacho alikuwa anakuonesha tangu mara ya kwanza. Kuka angeketi naye kigodani.

Wale watoto wetu waliohamia kupigana wao kwa wao nao walikuwa wamegundua jambo ambalo kumbi za Street Fighter II ziligundua 1991: adui mzuri kuliko wote ni jirani, kwa sababu naye anajifunza. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alifika mbali kwa njia hiyo hiyo ya Tekken. 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani, XiT, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo. Nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza wangapi kama yeye walikutana na bosi kama mimi wakiwa na miaka kumi.

Mwaka jana nilishuka stendi ya Kakamega usiku, mvua inanyunya, nikapanda boda kwenda nyumbani. Tulipofika Shirere dereva akapunguza mwendo.

"Si wewe ndio ulikuwa bosi wa gemu hapo?"

Kibanda hakipo siku hizi, pana duka la M-Pesa. Nilikubali kwamba ni mimi. Akaniambia yeye alikuwa anacheza na Eddy. Akasema alichapwa vibaya siku moja kwa sababu ya lile jitu la moto, akacheka. Tulikwenda kidogo bila kuongea.

"Ilikuwanga ngumu hivyo kweli," akauliza, bila kugeuka, "ama ni vile tulikuwa watoto?"

Ningeweza kusema ni utoto. Ilikuwa giza, na helmeti inaficha mambo mengi.

"Niliipandisha mimi," nikasema. "Ilikuwa kwenye menyu."

Hakujibu. Alinifikisha mpaka kwenye geti, akazima injini, akavua helmeti, nikamwona uso. Nikamuuliza ni ngapi.

"Chwani," akasema. Kisha akafikiri. "Na kobole."

Nilimpa noti ya hamsini na sarafu ya kumi. Hakunirudishia chenji.